Pawatila na Tela Lake

Sera ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, kati ya zana zote zilizotajwa kuwa zitamwondoa mkulima wa Tanzania kwenye jembe la mkono, hakuna iliyopata umaarufu wa haraka kama pawatila: injini ya dizeli ya silinda moja, yenye nguvu za farasi 12 au zaidi kidogo, iliyokaa juu ya ekseli moja ya magurudumu mawili, na mishikio mirefu ambayo dereva huishika huku akitembea nyuma yake. Halmashauri zilizinunua kupitia mipango ya maendeleo ya kilimo ya wilaya, vikundi vya wakulima vikachangia sehemu ya bei, na kwa muda mfupi ikaonekana kana kwamba tatizo la nguvu kazi shambani limepata dawa. Kisha malalamiko yakaanza. Pawatila ikawa inaonekana barabarani kuliko shambani, ikivuta tela lililojaa mchanga, tofali, kuni, magunia ya mpunga, na siku za gulio ikipakia watu. Nyingine zikaachwa zishike kutu nyuma ya ofisi za vijiji, mikanda imekatika na vipuri havipatikani. Magazetini na kwenye vikao, aina hizi mbili za mashine, iliyobeba mchanga na iliyokufa, ziliwekwa katika kapu moja la kushindwa. Hapo ndipo penye kosa. Iliyokufa ilishindwa kweli, lakini ile ya barabarani ilikuwa ikifanya kazi ambayo dada zake walifanya Japani, China, Thailand na Bangladesh kabla yake, na ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo iliyolipia mashine hiyo katika nchi hizo. Historia ya trekta hili la kutembea nalo ni historia ya injini yenye kazi nyingi, na kila alipotokea mtu aliyelipima kwa ekari peke yake, hesabu zake zilimpotosha.

Halikubuniwa kwa ajili ya mkulima maskini wa nchi za joto. Kiasi cha mwaka 1910, mhandisi wa Uswisi Konrad von Meyenburg alisajili mtambo wa visu vinavyozunguka kwa kasi na kuichanachana ardhi badala ya kuipindua kama plau ifanyavyo. Kampuni ya Siemens ya Ujerumani iliuchukua ubunifu huo, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya SIMAR ya Geneva ikawa inauza mashine ndogo za aina hiyo kwa wenye bustani na mashamba ya mizabibu. Australia, katika eneo la Gilgandra, kijana aitwaye Arthur Clifford Howard alianza majaribio yake ya visu vya kuzunguka mwaka 1912, na baadaye akahamishia biashara hiyo Uingereza. Marekani, Benjamin Gravely wa West Virginia alipata hataza ya plau yake ya injini mwaka 1916. Wote hawa walikuwa wakitafuta mashine ya bustani, ya mtu mwenye eneo dogo na fedha za kutosha. Kwenye mashamba makubwa ya ngano ya nchi zao, kazi ilikwenda kwa trekta la magurudumu manne na hakuna aliyelihitaji hili dogo.

Japani ndiyo iliyolibadilisha kuwa chombo cha mkulima wa mpunga, na inafaa tukae hapo kidogo, kwa sababu namna ilivyotokea haifanani na namna inavyosimuliwa. Husemwa kwamba Wajapani walikuwa na mashamba madogo, kwa hiyo wakatengeneza trekta dogo. Lakini mashine za SIMAR zilipofika huko miaka ya 1920, hazikuota mizizi kila penye shamba dogo. Ziliota hasa katika mkoa wa Okayama, kwenye ardhi iliyochukuliwa kutoka baharini kando ya ghuba ya Kojima: ardhi tambarare, ya mfinyanzi mzito, ambako mkulima alikuwa na eneo kubwa kuliko wenzake wa mikoa mingine na vibarua walikuwa adimu. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wakulima wa huko walikwisha kuzoea injini. Walikuwa na injini ndogo za mafuta ya taa kwa ajili ya kusukuma maji mashambani na kukoboa mpunga, na kuzunguka injini hizo palikuwa na mafundi wenye karakana ndogo waliojua kuzifungua na kuzifunga. Mashine ya Uswisi ilipoharibika kwenye tope, ambalo haikutengenezewa, mafundi hao ndio walioichukua, wakaongeza uimara wa visu, wakabadilisha magurudumu, wakaipachika injini ambayo mkulima tayari alikuwa nayo. Mtu ambaye alikuwa na injini ya kusukuma maji hakununua trekta zima, alinunua kazi nyingine ya kuipa injini yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalikwenda kasi. Mageuzi ya ardhi yaliyoanza mwaka 1946 yaliwafanya wapangaji kuwa wamiliki, viwanda vilivyozuiwa kutengeneza silaha vikatafuta bidhaa nyingine, na vijana wakaanza kuhamia mijini. Kubota ilitoa mashine yake ya kwanza ya kulimia mwaka 1947, na Honda, iliyokuwa ikijulikana kwa pikipiki, ikaingiza ya kwake, F150, mwaka 1959. Mwaka 1955 mashine hizi katika Japani nzima hazikufika laki moja. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimepita milioni mbili, kiasi cha moja kwa kila kaya tatu za wakulima au zaidi ya hapo. Je, kaya yenye hekta moja ilipata wapi sababu ya kununua? Kwa kulima pekee, sababu haikuwepo. Lakini wimbi lililozifikisha mashine hizo katika kila kijiji lilikuwa la zile nyepesi za kazi nyingi, ambazo ziliweza kufungwa plau leo, kesho zikaendesha mashine ya kupukutisha mpunga kwa mkanda, na keshokutwa zikavuta tela kupeleka mazao kwenye chama cha ushirika. Kaya nyingi za vijijini zilipata chombo cha moto cha kubebea mizigo kupitia mashine ya shambani kabla ya kumudu gari.

Mtu mwenye kupenda hoja atasema: lakini Wajapani wenyewe waliliacha. Ni kweli. Kufikia miaka ya 1970 trekta dogo la kukalia lilikuwa linachukua nafasi yake, kwa sababu kutembea nyuma ya mashine inayotikisika mchana kutwa si raha, na kipato kilikuwa kimepanda. Kwa nini basi nchi nyingine ianzie kwenye zana ya jana? Jibu limo katika mpangilio wa matukio. Trekta la kukalia lilifika kwenye vijiji vilivyokuwa na karakana, maduka ya vipuri, vijana wanaojua dizeli, na barabara za mashambani zilizopanuliwa, na mengi ya hayo yalijengwa katika miaka ya trekta la magurudumu mawili. Aliyelipeleka trekta la kukalia mahali pasipo na hayo alipata matokeo tofauti kabisa, na Afrika Mashariki inayajua matokeo hayo.

Kusini-mashariki mwa Asia injini ilitangulia kwa njia ya maji. Katika delta ya Mekong, miaka ya 1960, wakulima walichukua injini ndogo zilizoletwa kwa ajili ya boti, wakaweka pangaboi ndani ya bomba la bati, na kupata pampu ya bei rahisi iliyoinua maji kutoka mfereji hadi jarubani. Haikuwa kazi ya mradi wowote. Ilienea kutoka kijiji hadi kijiji ndani ya miaka michache, katikati ya vita. Thailand, karakana za uwanda wa kati zilianza miaka hiyohiyo kunakili trekta la Kijapani, na katika kunakili zikalirahisisha: vikatolewa vyote ambavyo fundi wa kawaida asingeweza kuvitengeneza, ikabaki injini, mikanda, sanduku la chuma la kupunguza kasi, magurudumu ya chuma ya kukanyagia tope, na mishikio mirefu sana. Injini hiyohiyo iliweza kung'olewa na kufungwa kwenye pampu, kwenye boti, au kwenye kigari cha shamba ambacho mafundi walikiunda wenyewe kwa mbao na vyuma. Kubota ilipofungua kiwanda chake cha injini Thailand mwaka 1978, ilikuta soko ambalo mafundi wa mitaani walikwisha kulitengeneza. Ufilipino nako, mwaka 1972, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños ilitoa michoro ya trekta rahisi la aina hii kwa karakana ndogo, zikalitengeneza kwa chuma cha kukatwa na kuchomelewa. Watafiti wale walifanya jambo la busara: waliona kwamba anayehitaji kusaidiwa kwanza ni fundi, naye akishaimarika atamfikia mkulima.

China inatoa ushahidi wa kinyume na wa kuunga mkono kwa pamoja. Wakati wa komuni, serikali ilitengeneza trekta za kutembea nazo kwa wingi, na ya Dongfeng ya nguvu za farasi 12 kutoka Changzhou ndiyo iliyokuja kujulikana zaidi nje ya nchi hiyo. Mwaka 1978, trekta ndogo za kila aina zilikuwa takriban milioni 1.4. Kisha ardhi ikagawiwa kwa kaya, mashamba yakakatwakatwa vipande, na wataalamu wengi wakatarajia kwamba zana za moto zitarudi nyuma, kwani nani anahitaji trekta kwenye vishamba vya namna hiyo? Kilichotokea kiliwashangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kaya ziliporuhusiwa kumiliki trekta na kuzitumia kubebea mizigo, zilizinunua kwa mamilioni, na kufikia mwaka 2000 trekta ndogo zilikuwa zimepita milioni 12. Sehemu kubwa ya saa za kazi za mashine hizo zilitumika barabarani, zikipeleka mboga mjini na kurudi na saruji. Maofisa wa kilimo wa China walilalamika kwa maneno ambayo ofisa wa wilaya ya Tanzania angeyatambua mara moja. Hata hivyo mashine zilibaki kijijini, na msimu ulipofika zililima, kwa sababu mwenye mashine inayofanya kazi mwaka mzima haoni tabu kuiingiza shambani wiki mbili.

Lakini kama nchi moja ingechaguliwa kuwa shahidi mkuu katika kesi hii, ingekuwa Bangladesh. Ni nchi ya mashamba ambayo kwa wastani hayafiki hekta moja, watu ni wengi, vibarua ni wengi, kipato kilikuwa kidogo. Kwa vitabu vya uchumi, hapo mashine haina kazi. Katika miaka ya 1980 serikali ilikuwa na kamati ya kuidhinisha aina za injini na trekta zinazofaa kuingizwa nchini, kwa nia njema ya kumlinda mkulima dhidi ya bidhaa hafifu, na matokeo yake ni kwamba zilizoruhusiwa zilikuwa bora na ghali. Kisha mwaka 1988 mafuriko yalifunika zaidi ya nusu ya nchi, kimbunga kikafuata mwezi Novemba, na ng'ombe wa kukokota plau wakafa kwa wingi mno. Msimu wa kulima ulikuwa unakuja na hapakuwa na wanyama. Serikali ikalegeza masharti, ikaondoa ushuru, ikaacha wafanyabiashara walete walichotaka. Walileta trekta za Kichina, nyepesi, za bei rahisi, zenye sifa ya kuharibika, lakini zilizokuwa na injini iliyofanana na injini za pampu za visima ambazo zilikwisha kutapakaa mashambani. Vipuri vilipatikana sokoni. Mafundi walikuwepo. Katika kizazi kimoja, zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ikawa inalimwa kwa mashine, na trekta hizo zikafikia laki kadhaa. Wenye kuzimiliki ni wachache. Mkulima wa kawaida hana na hatarajii kuwa nayo. Anamwita jirani mwenye mashine, anamlipa kwa eneo lililolimwa, na jirani huyo kesho yuko kwa mwingine, na kilimo kikiisha anafunga tela.

Hapo tupige hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayoeleza kwa nini tela haliepukiki. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Visu vya kuzunguka vya pawatila hukata upana wa kama sentimita 60, kwa hiyo dereva atatembea karibu kilomita 7 kuimaliza ekari. Kwa mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa, pamoja na kugeuza pembeni na kusafisha nyasi zilizojisokota, ekari ni kazi ya nusu siku au zaidi kidogo. Mwenye ekari tatu amemaliza kulima kwake kabla ya siku ya pili kuisha. Mashine iliyomgharimu mamilioni ya shilingi imekwisha kazi kwa mwaka huo, au kwa miezi sita kama ana maji ya misimu miwili. Atatafuta wateja, bila shaka, lakini majirani zake wote wanahitaji kulima katika wiki zilezile ambazo maji yamefunguliwa au mvua imeanza. Mwisho wa wiki hizo, wateja wamekwisha. Deni la benki halijaisha. Hakuna ruzuku inayoweza kubadilisha umbo la hesabu hii. Ruzuku inapunguza bei ya kuingilia tu, haiongezi siku za kazi. Kinachoongeza siku ni mzigo wa kubeba, mpunga wa kupura, maji ya kusukuma, mahindi ya kupukuchua.

Tanzania iliingia katika hesabu hii ikiwa na kumbukumbu mbaya za trekta. Mpango wa karanga wa Waingereza, kuanzia mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulileta matrekta makubwa na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'oa visiki, ukafutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Baada ya uhuru, makazi mapya ya wakulima yaliyopewa zana nzito yalizalisha madeni, na mwaka 1966 serikali iliachana nayo. Mwalimu Nyerere alirudia mara nyingi kwamba nchi iliyozoea jembe la mkono ingepiga hatua kubwa kwa kupata plau ya ng'ombe kabla ya kuota ndoto za matrekta. Ulikuwa ushauri wa busara, ingawa serikali yake yenyewe iliendelea kuyaagiza. Kufikia wakati wa Kilimo Kwanza, takwimu zilizokuwa zikitajwa na wizara zilisema kama asilimia 70 ya eneo hulimwa kwa jembe la mkono, 20 kwa ng'ombe na 10 kwa trekta. Pawatila ikaonekana kuwa daraja: ndogo kiasi cha kumfaa mwenye ekari chache, ya kisasa kiasi cha kuhutubiwa jukwaani.

Kasoro ya mpango ilikuwa katika namna ya kuigawa. Mashine zilikwenda kwa mpangilio wa utawala, wilaya kwa wilaya, penye mpunga na pasipo na mpunga, na mara nyingi zikakabidhiwa vikundi. Kikundi ni mwenye mali wa ajabu: kila mwanachama anataka shamba lake lilimwe kwanza, na hakuna anayetaka kubadilisha oili. Aliyejifunza kuendesha hakulipwa vya kutosha kuitunza. Kuna pia suala la ardhi yenyewe. Visu vya pawatila husukuma mashine mbele vinapozunguka kwenye udongo laini wenye maji, na ndiyo maana kuchavanga jaruba la mpunga, yaani kulivuruga liwe tope, ni kazi yake ya asili. Kwenye udongo mkavu wa Dodoma au Shinyanga, visu hivyo hudundadunda juu ya ardhi na kumtikisa dereva hadi mabega yakauma. Ukiifungia plau, upana unashuka hadi kama sentimita 20, na kilomita 7 za ekari zinakuwa 20, sawa na anazotembea mtu nyuma ya maksai, ila maksai hawanywi dizeli. Mkulima wa nchi kavu aliyeiondoa pawatila shambani na kuifungia tela alikuwa amesoma udongo wake vizuri kuliko waraka uliomletea mashine.

Tazama kwa upande mwingine mahali ambako masharti ya Asia yalikuwepo. Usangu, katika wilaya ya Mbarali, kuna uwanda wa mpunga wenye mifereji, mashine nyingi za kukoboa, wafanyabiashara wa mchele wanaofika na malori, na barabara kuu ya kwenda Mbeya iliyo karibu. Huko pawatila haikuhitaji kuhubiriwa. Watu binafsi walizinunua, nyingi za Kichina, wakijua fika kwamba ya Kijapani inadumu zaidi, kwa sababu ya Kichina hulipa deni lake kabla haijachakaa na kipuri chake hupatikana kwa bei nafuu. Wanalima kwa kukodiwa, wanasomba magunia kutoka jarubani hadi ghalani kupitia njia ambazo gari halipiti, kisha wanabeba tofali. Katika skimu ya Moshi Chini, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987 ikiwa na hekta 1,100 za mpunga, kuchavanga kwa mashine nako kulikuwa kawaida tangu mwanzo. Kilichoisumbua skimu hiyo ni maji, baada ya wakulima wa juu ya mfereji kuona faida na kuanza kulima mpunga wao wenyewe. Pale ambapo mpunga, maji na soko vilikutana, zana ilifuata.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha za umma. Fedha hizo zilitengwa kwa ajili ya chakula. Mlipa kodi hakuombwa agharimie usafirishaji wa mchanga wa mtu binafsi. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, na yule aliyechukua mashine ya ruzuku akaihamishia mjini moja kwa moja hastahili kutetewa. Lakini inabidi kuuliza ni nini hasa kinachozuia chakula. Katika vijiji vingi, gunia la mpunga au mahindi hupoteza thamani kati ya shamba na barabara, kwa kubebwa kichwani, mara nyingi kichwani mwa mwanamke, au kwa kuuzwa shambani kwa bei ya mnunuzi kwa kuwa hakuna namna ya kulitoa. Tela linalopunguza gharama hiyo ni zana ya kilimo kwa maana kamili, hata kama halijagusa udongo. Wapinzani husema pia kwamba kazi ya kubeba sasa inafanywa vizuri zaidi na toyo, yaani pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, na maguta ya injini. Hilo ni kweli kwenye barabara, na linanipa wasiwasi zaidi kuliko pingamizi la ruzuku, kwani vyombo hivyo vikichukua mizigo yote, vitamnyang'anya mwenye pawatila siku zake za kazi na kumrudisha kwenye hesabu ya siku mbili. Kinachoiokoa pawatila ni tope: toyo hainyanyui gunia kutoka katikati ya majaruba mwezi wa Mei.

Kuna na usalama, ambao watetezi wa mashine hii huupita haraka. Pawatila haikuundwa kukimbia barabarani. Nyingi hazina taa za maana, na breki za tela, zikiwepo, ni hafifu. Tena ina tabia moja ambayo imemgharimu dereva mgeni: hugeuzwa kwa kukata nguvu kwenye gurudumu la upande unaotaka kwenda, lakini kwenye mteremko, mzigo unapoisukuma injini kutoka nyuma, gurudumu lililokatwa nguvu ndilo linalokwenda kasi, na mashine inageuka upande ule mwingine. Asiyeambiwa jambo hili hulijifunza mtaroni. Wapo viongozi waliotaka kupiga marufuku tela, na hapa walikuwa na sababu, ila marufuku ilikuwa jibu baya kuliko mafunzo ya siku tatu na taa za nyuma.

Mtu aliyelielewa trekta hili kwa undani kuliko wengi, kisha akalitilia shaka, ni mhandisi wa Sri Lanka, Ray Wijewardene. Katika miaka ya 1950 alishiriki kubuni trekta la magurudumu mawili la Landmaster lililotengenezwa Uingereza na kuenea katika mashamba ya mpunga ya nchi yake hadi jina hilo likatumika kwa kila mashine ya aina hiyo. Baadaye, akifanya kazi Ibadan, Nigeria, katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, alifikia hitimisho kwamba wahandisi walikuwa wamejibu swali la jinsi ya kulima haraka bila kuuliza kama udongo wa tropiki unahitaji kulimwa kabisa. Akageukia kilimo kisichotifua ardhi, cha kufunika udongo kwa masalia ya mimea na kupanda moja kwa moja. Wengi wamelisoma hilo kama kukana mashine. Kwa maoni yangu limeikomboa. Sehemu ya kazi inayoishinda pawatila katika nchi kavu ni ile ya kutifua udongo mgumu, na kama kutifua hakuna lazima, udhaifu wake mkubwa unaondoka.

Miradi iliyofuata ilijaribu njia hiyo. Kuanzia mwaka 2013, mradi ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, kwa fedha za Australia, ulipeleka trekta za magurudumu mawili zenye vipandio vya kupanda bila kulima Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zimbabwe. Mkulima akipanda mahindi kwa mistari ya sentimita 75, akichana mstari tu, anatembea kilomita tano na nusu kwa ekari badala ya 20 za plau, na nguvu za farasi 12 zinatosha. Kiufundi, jambo hilo linawezekana. Kibiashara, vijana waliochukua mashine hizo kutoa huduma walipata wateja kwa haraka zaidi kwa kupukuchua mahindi na kubeba mizigo kuliko kwa kupanda, kwa sababu kupanda ni wiki chache na mkulima anataka kwanza kuona shamba la jirani lisilolimwa likiota. Wakati huo wa kusubiri una gharama, na kwa sasa anayeilipa ni mwenye gunia, kwa kila safari ya kutoka shambani.